Bawabu anayesinzia: E. coli na sukari ya maziwa

Kila muhula mpya naanza na sahani mbili za agari ya MacConkey, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, moja imeoteshwa E. coli, nyingine Salmonella. Zimelala usiku kucha kwenye inkubeta, nyuzi joto 37. Asubuhi koloni za E. coli, yaani madoa ya bakteria waliozaana, zimekolea waridi, karibu nyekundu; za Salmonella zimepauka tu. Agari ni ileile. Ndani yake mna laktosi, yaani sukari ya maziwa, pamoja na rangi inayogeuka waridi ikikutana na asidi. E. coli ameila ile sukari akatema asidi. Salmonella, kwa kawaida, hawezi kuila, kwa hiyo amejilia vipande vya protini vilivyomo na laktosi kaiacha palepale.

Halafu hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, huyo E. coli alijuaje kwamba kuna laktosi?"

Hakujua. Na namna asivyojua ndiyo inayonifanya nisilichoke somo hili.

E. coli ana jeni 4,300 hivi. Kutengeneza protini ni gharama, na chakula kikiwa tele wenzake wanagawanyika kila dakika 20, kwa hiyo anayetengeneza asichokihitaji huachwa nyuma. Jeni tatu za laktosi zimekaa sako kwa bako kwenye DNA na husomwa kwa mkupuo mmoja. Mpangilio huo ndio operoni. Ya kwanza, lacZ, hutoa kimeng'enya kinachoikata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Ya pili, lacY, hutoa protini ya kwenye utando wa seli inayoingiza laktosi ndani. Ya tatu ni lacA. Tuiache, bakteria hula laktosi vizuri tu bila hiyo.

Mbele ya jeni hizo yuko bawabu, protini ya kizuizi. Seli nzima huwa nao kumi hivi tu. Akiishika DNA, mashine ya kusoma jeni haipiti. Laktosi ikiwapo, umbo la bawabu linabadilika na mshiko unalegea. Maelezo mengi ya darasani huishia hapo, na hapo ndipo wanafunzi wangu wakali huanza kukuna kichwa.

Maana tazama. Laktosi haiingii bila protini ya lacY. Protini ya lacY haitengenezwi mpaka bawabu aachie. Bawabu haachii mpaka laktosi iingie. Tena kinachomlegeza si laktosi yenyewe, ni alolaktosi, ndugu yake wa karibu, ambayo hutengenezwa na kimeng'enya kilekile cha lacZ kilichofungiwa. Ni sawa na mtu aliyefunga mlango kwa kufuli mbili, na funguo zote kaziacha ndani.

Kinachomwokoa ni kwamba bawabu husinzia. Yeye huishika DNA kwa mikono miwili, mahali pawili tofauti, na kipande cha katikati hujikunja kama kitanzi. Ndani ya seli hakuna kinachotulia, molekuli zinagongana muda wote, basi mara mojamoja mkono mmoja huteleza. Mashine inapenya, inatoa nakala ya jeni iitwayo RNA, ya kutengenezea protini, mkono unarudi mahali pake. Ndiyo maana hata seli ambayo haijawahi kuonja laktosi huwa na protini chache za lacZ na lacY, chache za kuhesabika kwa vidole. Siku laktosi ikifika, hizo zinatosha. Kidogo kinaingia, kinageuzwa alolaktosi, bawabu anaachia mikono yote, protini zinaongezeka, laktosi inamiminika, na muda si mrefu kimeng'enya kimepanda karibu mara elfu moja. Bawabu asiyesinzia angemfanya mwenye nyumba ashinde na njaa mbele ya maziwa.

Bawabu huyu aliwaziwa kabla hajaonekana. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, walieleza kwamba lazima yupo. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill wakamnasa mwaka 1966 huko Harvard. Nasema lazima yupo kwa sababu ushahidi ulikuwa umewabana: bakteria walioharibika jeni ya bawabu walitengeneza kimeng'enya muda wote, kuna laktosi hakuna laktosi, na wakipewa jeni nzima kutoka kwa bakteria mwingine, baada ya muda utengenezaji ulikoma.

Monod mwenyewe alianzia kwingine, kwenye grafu ya ukuaji wa bakteria. Miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili aliwapa bakteria sukari mbili kwa pamoja. Kuna michanganyiko ambayo mstari ulipanda, ukalala, ukapanda tena. Walimaliza sukari moja kwanza, wakasita, ndipo wakaigeukia ya pili. Kwa glukosi na laktosi, glukosi ndiyo hutangulia. Vitabu hupenda kueleza jambo hili kwa cAMP, molekuli ambayo hupungua glukosi ikiwa nyingi na usomaji wa jeni hudorora. Ni kweli, ila kwa sukari hizi mbili naona kazi kubwa inafanyika mlangoni: glukosi inapoingia, protini moja ya mfumo unaoisafirisha huishika protini ya lacY na kuiziba. Laktosi inabaki nje, bawabu hapati wa kumwamsha, samahani, wa kumlaza.

Mwaka 1957 Aaron Novick na Milton Weiner walifanya jaribio ninaloliweka mwisho wa kipindi kwa makusudi, ili watu watoke wakibishana. Waliwapa E. coli kichocheo kisicholiwa, kinachofanya kazi ya alolaktosi, kwa kiwango cha katikati. Ungetarajia kila seli itengeneze kimeng'enya kiasi. Walikuta baadhi zimefunguka kabisa na nyingine zimefunga kabisa, ndani ya chupa moja, zikiwa na jeni zilezile. Zile ambazo bawabu wao aliteleza mapema zilipata protini za mlangoni, zikavuta kichocheo zaidi, zikafunguka moja kwa moja. Kisha kiwango kikapunguzwa, kikawa hakitoshi kufungua seli mpya. Zilizofunguka ziliendelea kugawanyika zikiwa wazi, kila binti akirithi sehemu ya milango ya mama yake, na zilizofunga zikaendelea kuzaa waliofunga.