Uchunguzi wa ushahidi wa kompyuta: maana yake na pa kuanzia

Uchunguzi wa ushahidi wa kompyuta ni kazi ya kukusanya, kuhifadhi, kusoma na kueleza data iliyomo kwenye diski, simu au seva, kwa namna ambayo mtu mwingine akipewa kielelezo kilekile (kifaa au data inayochunguzwa) atafikia matokeo yaleyale. Hapo ndipo inapoachana na kazi ya fundi anayerudisha picha zilizofutika. Fundi akizipata, amemaliza. Mchunguzi akizipata ndipo maswali yanapoanza: zilikuwa wapi, ziliingia lini, na tutajuaje kwamba si wewe uliyeziweka?

Swali hilo la mwisho hujibiwa kwa hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na baiti zote za faili au diski. Ikigeuka biti moja, hashi yote hugeuka. Kuna aina kadhaa za hashi: MD5 ina alama 32, SHA-256 ina 64. Rekodi SHA-256 hata kama programu inakupa MD5 pia, maana tangu 2004 inajulikana kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakawa na MD5 moja. Na ukiona hashi inayoanza na d41d8cd9 au e3b0c442, simama hapohapo: hizo ni MD5 na SHA-256 za faili tupu, kwa hiyo programu yako haikusoma kitu.

Anza na flashi yako mwenyewe ya GB 4, iliyofomatiwa kwa FAT32, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski. Weka picha chache, futa moja, kokotoa hashi ya flashi nzima, ichomoe, kisha ichomeke tena kwenye Windows na ukokotoe upya. Mara nyingi hashi ya pili haifanani na ya kwanza, kwa sababu Windows huweza kuunda folda ya System Volume Information bila kukuuliza. Ndiyo maana kipo kizuia uandishi, kifaa kinachokaa kati ya diski na kompyuta, kikipitisha amri za kusoma na kukataa za kuandika.

Kisha tengeneza nakala ya biti kwa biti, ukitumia FTK Imager, Guymager au amri ya dd. Kukopi mafaili tu hakutoshi, kwa kuwa yaliyofutwa hayatakuja. Kwenye dd, if ni chanzo na of ni mahali pa kuandikia. Ukizigeuza, unaandika juu ya kielelezo na hakuna kurudi nyuma. Diski ya GB 500 ikisomwa kwa MB 100 kwa sekunde huchukua kama saa 1 na dakika 23, na kuhakiki hashi huongeza muda wake. Usiruke kuhakiki.

Fungua nakala hiyo kwenye Autopsy, programu ya uchambuzi ambayo ni ya bure, utafute ile picha uliyoifuta. FAT32 haikuiondoa: imeweka alama E5 kwenye baiti ya kwanza ya jina lake na kufuta mnyororo wa klasta zake, yaani vipande vya diski ilimohifadhiwa, kwenye jedwali la FAT. Data yenyewe inabaki mpaka iandikwe juu. Ikiwa ni JPEG, utaona baiti FF D8 FF mwanzoni mwake. Kama ilihifadhiwa vipandevipande, huenda ukapata nusu ya picha na chini yake vurugu za rangi. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, mambo ni magumu zaidi: amri ya TRIM huiambia diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, na diski huisafisha yenyewe hata ikiwa nyuma ya kizuia uandishi.

Wanaoanza hujikwaa zaidi kwenye saa. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, FAT kwa saa ya mahali ilipo kompyuta. Ukichanganya bila kutaja, utamweka mtu kwenye kiti ambacho hakuwa amekalia. Huo si uzembe mdogo. Pima kwanza kama saa ya mashine ilikuwa sahihi, na andika tofauti yake.

Ukikuta kompyuta inawaka, usikimbilie kuchomoa waya. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, ufunguo uko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukikatika unapotea. Nakili yaliyomo kwenye RAM kwanza, na kila ulichogusa ukiandike pamoja na saa.

Kielelezo nacho kiwe na fomu inayoonyesha nani alikipokea, kutoka kwa nani, tarehe na saa gani, na namba ya kifaa. Pengo la siku moja kwenye fomu hiyo huwapa mawakili wa utetezi hoja hata kama uchambuzi wako hauna kasoro.

Vyeti vya kazi hii kama GCFE na CFCE husaidia kupata ajira, lakini jifunze mifumo ya mafaili kwanza. Kwa mazoezi, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hutoa nakala za diski bure kupitia tovuti yake ya CFReDS. Chagua moja, andika ripoti yake, kisha mpe mwenzako nakala na ripoti, aone kama atafika ulikofika.