Je, wajua kwa nini ukoo wa Taira, wenyeji wa bahari, walimalizwa baharini na wapanda farasi?

Nguvu za Taira zilitoka majini: bahari ya ndani ya magharibi mwa Japani na biashara na China. Mahasimu wao, Minamoto, walikuwa na ngome yao mashariki, na sifa yao ilikuwa kupigana juu ya farasi. Vita vilianza mwaka 1180. Basi ilikuwaje tarehe 25 Aprili 1185 Taira wakaangamia Dan-no-ura, kwenye mlango wa bahari ulio karibu na mji wa leo wa Shimonoseki?

Jibu linalopendwa ni mkondo. Mahali pale panapobana zaidi hapafiki hata kilomita moja, na mkondo wake mkali hugeuka mara nne kwa siku. Husemwa kwamba mwanzoni uliwasukuma Taira mbele, mishale yao ikawanyeshea wapinzani. Maji yalipogeuka, bahati nayo ikawahama. Ni maelezo matamu. Ila aliyewahi kupiga kasia anajua mkondo haubagui: huzichukua mashua za pande zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana wapo wanahistoria wasioridhika nayo.

Hata idadi haikuwa upande wa Taira. Kumbukumbu moja ya kale inataja mashua 840 za Minamoto dhidi ya 500 na ushei za Taira. Lakini mimi naona kilichowamaliza ni kikulacho kilichokuwa nguoni mwao, mmoja wa makamanda wao aitwaye Taguchi Shigeyoshi.

Masimulizi ya kale yanasema mwanawe alikuwa ameshatekwa na Minamoto. Tomomori, jemadari wa Taira, alimshuku Shigeyoshi mapema, akataka amkate kichwa kabla ya mapambano. Kaka yake Munemori, mkuu wa ukoo, akamkatalia.

Na mtego ulikuwa umetegwa vizuri. Taira walipakia askari wa kawaida kwenye merikebu kubwa za Kichina, wakubwa wakajificha kwenye mashua za kivita, ili Minamoto wakimbilie chambo halafu wazingirwe. Mapigano yakiwa yamepamba moto, Shigeyoshi akabadili upande na kuitoa siri. Yoshitsune, jemadari wa Minamoto, akaziacha merikebu, akazielekea mashua.

Tomomori alipoona mambo yamekwisha, alivaa deraya mbili ili azame haraka, akajitosa. Kabla yake, Tokiko, mjane wa Kiyomori aliyewahi kuutawala ukoo huo, alikuwa amemkumbatia mjukuu wake, mfalme Antoku mwenye miaka 6, akaruka naye. Mama wa mtoto naye alijitupa, lakini askari wa Minamoto walimnasa kwa nywele na kumvuta nje. Akaishia kuwa mtawa.

Tokiko aliruka na upanga kiunoni, mojawapo ya hazina tatu za ufalme. Kioo na kito vilipatikana. Upanga ulitafutwa sana, haukuonekana tena.