Siyo kila "ku" yetu ni "to" ya Kiingereza

Nafundisha Kiingereza cha kuongea jioni huku Nsambya, Kampala, wanafunzi wangu wengi ni wamama na vijana waliotoka Goma na Bukavu, wengine ni wa Busia, Kiswahili ndo kinatukutanisha wote. Na kuna kitu kimoja kinawasumbua wote bila kuchagua: vivumishi, yale maneno ya kusifia kama "happy", "easy", "ready", "tired", kikifuatiwa na kitendo tu watu wanapotea. Wanapotea kwasababu ya vitu walivyoaminishwa zamani, vingine waliambiwa darasani kabisa.

Kikubwa ni hiki. Watu wanaamini unachukua sentensi yako ya Kiswahili, pale penye "ku" unaweka "to", umemaliza. "Niko tayari kwenda", "I am ready to go", sawa kabisa. "Nafurahi kukuona", "I am happy to see you", sawa tena. Ikishakubali mara mbili tatu mtu anajua hapo kazi imeisha.

Sasa kuna mama mmoja muuza vitenge aliitwa intavyuu ya kazi ya usafi, wakamuuliza hii kazi utaiweza maana hujawahi kuifanya, kichwani akawa na sentensi nzuri sana, mimi ni mwepesi kujifunza. Akasema "I am easy to learn". Yule anayemuuliza akanyamaza kidogo, akaandika kitu, akaenda swali lingine. Jioni mama akaja ananiuliza, mwalimu nimekosea wapi, maneno yote si yapo?

Yapo kweli, na iliniuma kwasababu alikuwa amejiandaa wiki nzima. Shida ni kwamba "mwepesi" yetu inabeba mambo mawili, mtu anayefanya haraka na kitu kisichosumbua, na Kiingereza kimeyatenganisha. "I am quick to learn", anayejifunza ni wewe. "I am easy to learn", wewe umekuwa somo, wengine ndo wanajifunza wewe. Limebadilika neno moja tu na mtendaji amehama. Noam Chomsky, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alilichambua hili miaka ya 1960 kwa sentensi mbili ambazo wanafunzi wa isimu wanazisoma mpaka leo, "John is eager to please" na "John is easy to please": kwenye ya kwanza John ana hamu ya kufurahisha watu, kwenye ya pili watu ndo wanamfurahisha John bila tabu.

Kwahiyo ukweli ni kwamba kwenye Kiingereza kivumishi chenyewe ndo kinasema nani anafanya. Ukiona "eager", "quick", "slow", "willing", "afraid", "glad", aliyetajwa mwanzo ndo mtendaji. Ukiona "easy", "hard", "difficult", "impossible", "dangerous", aliyetajwa mwanzo anatendewa. Ndo maana "I am hard to wake up" haimaanishi unapata shida kuamka mapema, inamaanisha watu wanahangaika kukuamsha, wewe ulitaka kusema "It is hard for me to wake up early". Na hapo ni "for me", siyo "to me", hata kama ulimi unavutwa na "kwangu". "Ready" yenyewe inakaa pande zote mbili, ukisema "the chicken is ready to eat" inaweza kuwa kuku yuko kwenye sahani anasubiri kuliwa, au yuko uani anasubiri mahindi yake, utajua tu kwa kuangalia mko jikoni au nje.

Kuna wengine wanasema haya makosa yanaletwa na Kiswahili, kwamba Kiswahili kinaharibu Kiingereza cha watoto, na haya maneno yameongezeka tangu Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliposema Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Hapana jamani. Waganda nao wana "oku" yao, wanasema "kyangu okuyiga", rahisi kujifunza, na wanaanguka kwenye shimo lilelile. Na mimi naona Kiswahili kinasaidia sana ukikiangalia vizuri, mfano hapa kwenye viti.

Watu walifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiwezi kuishia na "on" au "to" au "with", basi wanasema "this chair is comfortable to sit", "my boss is easy to talk". Hiyo sheria ya kukataza wengi wanasema ilianzia kwenye malalamiko ya mshairi John Dryden wa Uingereza mwaka 1672, yeye hakupenda tu, na Waingereza wenyewe wanaishia na maneno hayo kila siku. Sasa sikiliza Kiswahili chako: unasema kiti hiki kizuri kukaa, au kizuri kukalia? Kitanda kibaya kulala au kulalia? Ile "ia" ya mwisho ndo "on" yenyewe! Kukalia ni "to sit on", kulalia ni "to sleep on". Ukiitoa "on" umesema kiti kizuri kukaa, na hata sikio lako la Kiswahili linakataa. Nikiwaonyesha hii darasa linachangamka, wanaanza kutafuta zao wenyewe, kisu cha kukatia, "a good knife to cut with", kalamu ya kuandikia, "a nice pen to write with", hawasahau tena.

Lakini kuna pahali Kiswahili kinakuvuta kwenye kosa, lazima niseme. Sisi tunasema chai hainyweki, mzigo haubebeki, barabara haipitiki, kitabu rahisi kueleweka, ile "k" ndo inasema kitu kinatendeka. Mtu anaibeba mpaka kwenye Kiingereza anasema "easy to be understood". Mtu atakuelewa ila inasikika nzito, "easy to understand" inatosha kwasababu "easy" imeshafanya kazi ya hiyo "k".

Alafu "too". Mtoto wa dada yangu yuko P7, darasa la saba, anajiandaa na PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi huku Uganda, na kila anayejua PLE anajua zile sentensi za kuandika upya. "The bag is so heavy that I cannot carry it", tumia "too" na "to". Akaandika "The bag is too heavy for me to carry it", mwalimu akakata alama, mtoto ananiuliza ile "it" si ilikuwepo kwenye swali? Ilikuwepo, lakini kwenye sentensi mpya begi limeshakaa mwanzo na ndo hilohilo linabebwa, halirudiwi mwisho: "too heavy for me to carry", basi. Sisi inatuponyoka kwasababu Kiswahili kinaidai, mzigo mzito siwezi ku-u-beba, ile "u" katikati ukiiacha sentensi inachechemea. Nilimwambia aandike ya Kiswahili juu, ya Kiingereza chini, achore mstari kwenye "u" aone huku chini haina mwenzake. Akafanya kumi na mbili, akakosa moja.

Na "too" siyo "very". Mtu anakukumbatia anakwambia "I am too happy to see you", anamaanisha amefurahi sana, lakini "too" ikikutana na "to" kawaida inafunga mlango, "too tired to cook" ni kuchoka mpaka hakuna kupika. Sema "very happy" au "so happy". "Enough" yenyewe inakaa nyuma ya kivumishi, kijana wa miaka 18 Uganda ni "old enough to vote", siyo "enough old".

Kuna vivumishi vingine havitaki "to" kabisa, hapa ni kuvizoea tu: "busy cooking", "tired of waiting", "good at cooking", "interested in buying". Na "I am used to waking up early" ina "to" lakini siyo ile, ndo maana inafuatwa na "waking", ukisema "I used to wake up early" umesema zamani uliamka mapema, siku hizi umeacha.

Yule mama wa vitenge kazi ile hakuipata. Bado anakuja darasani. Jumanne niliwaambia kila mtu aandike sentensi moja yenye "too" kuhusu maisha yake, yake ilikuwa "The rent is too high for me to pay". "For me" ipo, "it" haipo. Nikaweka tiki, alafu tukakaa pale nje tukaongea habari ya hiyo kodi.