Mshale mkakamavu kuliko yote: dhana potofu ninazozisikia Liwale kila msimu

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1. Wiki ya mwisho ya Juni meza yangu hujaa mishale ya alumini ya wageni wenye vibali wanaokwenda vitalu vya uwindaji vya Pori la Akiba la Selous, na wanaoileta mara nyingi ni vijana wa kambi waliotumwa. Kila mwaka sentensi ni ileile: "Fundi, upinde wa bosi una nguvu sana, nikatie mshale mkakamavu kuliko yote ulio nao." Mwaka huu nimeisikia mara nyingi mno, kwa hiyo naandika.

"Mshale mgumu zaidi ndio mshale bora, na mgumu ni ule mzito."

Hapa kuna makosa mawili yaliyofungwa pamoja. Nianze na la pili, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu wanunue bomba, yaani mwili wa mshale, lisilo lao.

Namba iliyoandikwa kwenye bomba la alumini ni vipimo viwili. 2117 maana yake ni unene wa nje wa 21/64 ya inchi, na ukuta wa 17/1000 ya inchi. 2413 ni bomba nene zaidi kwa nje lenye ukuta mwembamba zaidi. Mpe mtu yote mawili mkononi atakwambia 2117 ndilo gumu, kwa sababu linamlemea: lina kama greni 12 kwa kila inchi (greni 15 ni karibu gramu moja), na 2413 lina 10.4. Sasa yapime. Bomba hulazwa juu ya vishikilio viwili vilivyoachana inchi 28, katikati unaning'inizwa uzito wa gramu 880, kisha unasoma limebonyea kiasi gani. 2117 hubonyea inchi 0.400. 2413 hubonyea 0.365. Lile jepesi ndilo kakamavu zaidi, kwa kuwa ukakamavu wa bomba hupanda haraka sana kipenyo kinapoongezeka, kuliko ukuta unapoongezewa unene. Chukua 2219 na 2315: ukakamavu wao unakaribia kulingana, 0.337 na 0.340, lakini kwa bomba la inchi 28 la kwanza lina uzito wa karibu greni 60 zaidi. Uzito na ukakamavu ni mambo mawili, na kila moja unalichagua kwa sababu yake.

Kosa la kwanza ni baya zaidi. Mshale hautoki kwenye uta ukiwa umenyooka. Ugwe unapousukuma, unapinda, unarudi, unapinda upande wa pili, na kwa upinde wa kienyeji au wa ncha zilizokunjwa, unaovutwa kwa vidole, ni kupinda huko ndiko kunakoufanya uzunguke mwili wa upinde bila kuugonga. Mshale usiopinda vya kutosha huugonga, ukaenda pembeni. Ukipinda kupita kiasi huenda pembeni upande mwingine. Kwa hiyo kinachotafutwa ni mshale unaopinda kwa kiasi cha upinde ule, kwa mvuto wa mtu yule, yaani umbali anaouvuta ugwe.

Nasema mtu yule kwa makusudi. Pauni zilizoandikwa kwenye upinde wa kuvuta kwa vidole ni nguvu ya kuuvuta, nazo hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Anayevuta inchi 27 anapoteza pauni mbili au tatu, na upinde alioutaja kwa majivuno kuwa wa 55 anautumia kama wa 52. Kisha urefu wa mshale: ukiukata mfupi unakuwa mkakamavu zaidi, ukiuacha mrefu unalegea. Kisha ncha ya mshale: nzito inaulegeza, nyepesi inaukaza. Ukiniletea pauni peke yake umeniletea robo ya habari.

Mwaka jana kijana mmoja wa Nachingwea alikuja na mishale kumi na miwili ya 2219, iliyokatwa inchi 28, ya mgeni mwenye upinde wa pauni 55 na mvuto wa inchi 27. Aliulizia manyoya makubwa zaidi, kwa sababu "mishale inakataa". Nikatoa manyoya yote kwenye mishale mitatu, tukaenda nyuma ya nyumba ambako nina gunia la korosho lililojazwa matambara hadi limekuwa gumu kama godoro la pamba lililoshindiliwa. Mgeni, niliyetaka aje mwenyewe na upinde wake, akasimama hatua ishirini. Mishale yenye manyoya iliingia katikati. Ile mitupu ilikwenda kushoto shubiri nzima, na mmoja ulipita ukingoni mwa gunia ukaishia kwenye shina la mkorosho, mkia ukiwa umeelekea kulia. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayevuta kwa vidole, hiyo ina maana moja: mshale ni mkakamavu mno. Mitupu ikienda kulia, umelegea mno. Nikampa 2016 za inchi 29 zenye ncha za greni 125. Raundi ya pili mitupu na yenye manyoya iliingia ndani ya upana wa vidole vinne. Manyoya yalikuwa yanaficha ugonjwa tu, na ugonjwa ule ungerudi siku angefunga vigumba, zile ncha za kuwindia zenye visu.

Mtihani huo huo unakuonyesha urefu wa kishikio, yaani mahali mkia wa mshale unaposhika kwenye ugwe. Mitupu ikitua juu ya yenye manyoya, pandisha alama ya kishikio. Ikitua chini, ishushe. Rekebisha hili kwanza, ndipo uende kwenye kushoto na kulia. Kwa upinde wa kapi unaofyatuliwa kwa kifyatulio, anza kwa kusogeza kiegemeo cha mshale kidogokidogo kabla hujanunua bomba jingine, kwa sababu upinde huo hauutupi mshale pembeni kama vidole vinavyofanya.

"Ukiwa sawa kwa ncha za mazoezi, utakuwa sawa kwa vigumba." Hapana. Visu vya kigumba ni mabawa mbele ya mshale, na kasoro ndogo ambayo manyoya yaliifunika inaanza kuvutana nayo. Piga vigumba vyenyewe, vya uzito uleule, kabla ya kuingia porini. Na kigumba kikiyumba unapouzungusha mshale kwenye ncha yake, usikitumie hata kama ni kipya.

"Mshale wa alumini ukipinda ni wa kutupa." Uliopinda kidogo hunyooka kwa mashine yenye saa ya kupimia, na mimi nanyoosha kila wiki. Wenye ufa, au wenye mbonyeo wa kuonekana ukutani, ndio wa kutupa, kwa sababu unaweza kukatika wakati unaachia. Kuuviringisha mshale juu ya meza ya mninga si kipimo cha unyoofu, hata kama ni ya baba yako. Meza zenyewe zimepinda.

"Mshale mwepesi sana ndio wa kasi, kwa hiyo ndio mzuri." Usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya upinde. Chini ya hapo nguvu ambayo mshale ungeichukua inabaki kwenye mbao na ugwe, na upinde unaumia. Kwa mnyama mkubwa ongeza uzito zaidi ya hapo.

"Pasha bomba moto ili gundi ya ncha ikae." Hili linaniudhi kwa namna yake. Pasha ncha, shika bomba kwa vidole vyako mwenyewe. Likikuunguza, acha, unaelekea kuliharibu, kwa sababu alumini hiyo imekazwa kiwandani kwa kuvutwa na joto la kupimwa, na moto wa kibiriti au jiko la mkaa unaweza kuufuta uimara wake pale pale. Mishale mitatu ya mwaka huu niliyoikuta ikipinda karibu na ncha ilikuwa na weusi wa moshi.

Ukija kwangu Juni, njoo na upinde, na mwenye upinde, vigumba vyenyewe, na angalau mishale mitatu isiyobandikwa manyoya. Nipe siku mbili.