Mwaka ulio chini ya picha si umri wa karatasi

Wengi wanaokusanya picha za mezotinti, yaani zilizochapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, zile sura za wafalme, majemadari na waigizaji wa Uingereza ya karne ya 18, husoma mwaka uliochongwa chini ya picha na kuamini karatasi ilichapwa mwaka huo. Sivyo. Sheria ya Uingereza ya 1735 ilitaka jina la mwenye bamba na tarehe ya kutolewa viwekwe kwenye bamba ili hakimiliki ilindwe. Bamba hilo liliweza kuuzwa na kuchapwa tena miaka mingi baadaye, tarehe ikiwa ile ile.

Tazama weusi wa wino kwanza. Mchongaji alikwaruza bamba zima la shaba kwa chombo chenye meno, likajaa vinundu vya kushika wino, kisha akalainisha sehemu za mwanga. Vinundu hivyo huchakaa upesi mno. Chapa za mwanzo zina weusi mzito kama mahameli. Za baadaye, koti la jemadari limekuwa kijivu na mikunjo imefutika, au imekwaruzwa upya kwa mkono mzito. Halafu inua karatasi kwenye mwanga. Bamba likisema 1762 na alama ya maji, ile iliyotiwa ndani ya karatasi ilipotengenezwa, ikisema 1811, anza kupunguziana bei na muuzaji. Fremu kuukuu, hata ikiwa nzuri namna gani, haithibitishi kitu.