Mgeni amelala, ila usiseme "has slept"

Mwanafunzi wangu mmoja, mwongoza watalii hapa Moshi, alikuwa kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, saa tatu usiku. Wageni walikuwa wamejilaza wakingoja saa sita waanze kupanda kileleni. Bosi wake, Mzungu asiyejua Kiswahili, akapiga simu kutoka mjini: yule mama aliyekuwa anatapika anaendeleaje? Kijana akajibu, "She has slept." Bosi akaelewa kwamba mama kalala, kaamka, yuko fiti. Akasema mpe simu niongee naye. Mgonjwa akaamshwa bure.

Umbo la kitenzi lilikuwa sahihi: sleep, slept, slept. Kosa ni la sisi walimu tunaokaririsha watoto kwamba -me- ni have, basi, tuendelee na somo lingine. Nami nilifundisha hivyo miaka mingi, sijitoi.

Tazama -me- yenyewe. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amechoka: mtu ameingia kwenye hali fulani na bado yumo. Kiingereza hapo huitaja ile hali: she is asleep, he is standing, she is wearing a jacket, he is tired. Ukitia have, unasema usingizi umeshapita. Lakini amekula na amefika ni has eaten na has arrived, bila shida. Kwa hiyo darasani nawaambia wamwangalie mtu sasa hivi. Amevaa koti: koti liko mwilini, tumia is. Amekula: sahani tupu, tumia has.

Mtego wa pili uko stendi. "Umekuja lini?" "Nimekuja jana." Kiswahili safi, hakuna atakayekushangaa. Kiingereza hakikubali have ikae na jana, wala na wiki iliyopita, wala na lini. Ni "When did you come?" na "I came yesterday." Ukitaja wakati uliokwisha, have inaondoka. Usipoutaja, na jambo bado lina maana sasa, inarudi: "I have climbed Meru" humwambia mgeni kwamba mlima huo unaujua; "I climbed Meru in June" humpa tarehe. Na Mmarekani akikuuliza "Did you eat yet?" pale ambapo Mwingereza angesema "Have you eaten yet?", usimsahihishe. Ndivyo wanavyosema kwao.

Kuhusu -ka- sitasema mengi. Nikaenda, nikamkuta, nikamwambia: Kiingereza hurudia tu went, found, told. Acheni kupachika "then" kila sentensi.

Linalonichosha ni "Did you went?" Dawa yake nimeipata kwenye Kiswahili chetu. Alipika, ukikanusha, unasema hakupika. Ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka, kwa sababu -ku- imeshabeba wakati uliopita. Hakuna Mswahili anayesema "hakulipika". Did ni vivyo hivyo: imeshabeba mzigo, kitenzi kinachofuata kinatembea mikono mitupu. She cooked, she did not cook. Wapagazi hunielewa haraka hapa, maana begi moja halibebwi na watu wawili.

Juzi dada mmoja wa darasa la jioni akaninyanyukia: "Ticha, na -ja- je? Hajafika?" Nikamwambia hapo una bahati, "hasn't arrived yet" inakaa pale pale. Akafikiri kidogo. "Na mgeni akisema sijalala, yuko hemani saa nne usiku?"

Nikamrudishia kipimo kile kile: mwangalie sasa hivi.

"Macho yake yako wazi," akasema. "I'm not asleep yet."