Njaa ya likizo haionekani kwenye mizani

Shule za Marekani zikifungwa Mei au Juni, majiko yake nayo mengi huzimwa. Mtoto anayekula kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni hupata huko milo 10 kati ya 21 ya wiki. Likizo ya kiangazi ikichukua wiki 10, hiyo ni milo 100 inayorudi nyumbani. Mwenye watoto watatu atafute milo 300, na mshahara ni uleule.

Dhana: Mtoto mwenye njaa utamjua kwa kukonda.

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Mtoto wa nyumba isiyo na uhakika wa chakula anaweza hata kunenepa. Pesa ikibana, hununuliwa kinachoshibisha kwa bei ndogo na kisichoharibika haraka: tambi, mkate mweupe, vinywaji vya sukari. Matunda na mboga ndivyo vya kwanza kuachwa dukani. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Marekani tangu chekechea mwaka 2010 hadi darasa la pili walikuta wenye unene uliopitiliza wameongezeka kutoka asilimia 8.9 hadi 11.5, na ongezeko lote lilitokea wakati wa likizo. Walikuwa watoto wa kila tabaka, kwa hiyo tusiibebeshe njaa lawama yote. Kulala ovyo na kushinda mbele ya skrini navyo huchangia. Ila yule anayesema "mbona ana mwili, huyo hana shida" ajue mizani haipimi damu. Mtoto mnene anaweza kupungukiwa madini ya chuma, akawa mchovu na mzito wa kushika masomo. Na mwenye kisukari anayechomwa insulini, mlo mmoja ukikosekana, sukari inaweza kushuka kwa hatari.

Dhana: Watoto hawaelewi, wazazi ndio wanaohangaika.

Ni kweli wakubwa hujinyima kwanza. Lakini watoto huona. Wapo wanaosema wameshiba ili mdogo wao aongezewe. Wasiwasi huo huambatana na maumivu ya tumbo, kichwa na usingizi wa mang'amung'amu.

Dhana: Ni shida ya wazazi wasiofanya kazi.

La. Wengi wana kazi, wengine mbili. Mwaka 2023 watoto milioni 13.8 wa Marekani waliishi katika kaya zisizo na uhakika wa chakula.

Dhana: Serikali hutoa chakula cha kiangazi, basi yamekwisha.

Chakula kipo, tatizo ni kukifikia. Kwa miaka mingi kanuni ilimtaka mtoto ale palepale kwenye kituo cha kugawia chakula, na kituo kinaweza kuwa mbali, mzazi yuko kazini, usafiri hakuna. Sheria iliyopitishwa Desemba 2022 iliruhusu vijijini mlo uchukuliwe ukaliwe nyumbani, ikaanzisha pia kadi ya chakula ya kiangazi, SUN Bucks, iliyoanza 2024: dola 120 kwa mtoto. Zigawe kwa ile milo 100, unapata dola 1 na senti 20 kwa mlo. Ni kidogo, lakini usiidharau: majaribio ya kadi ya namna hiyo, yaliyoanza 2011, yalipunguza njaa kali ya watoto kwa theluthi moja. Kinachokera ni kwamba si majimbo yote yaliyokubali kujiunga.

Dhana: Kituoni utaulizwa karatasi za mshahara.

Kwenye vituo vilivyo wazi kwa wote, mtoto wa miaka 18 au chini hula bila fomu. Ukipiga simu 211, namba ya Marekani ya kuelekeza watu kwenye misaada, utaelekezwa kilicho karibu.

Dhana: Daktari akiona tatizo atasema.

Ataona nini, ikiwa uzito uko sawa? Ndiyo maana tangu 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri familia ziulizwe kuhusu mambo mawili: katika miezi 12 iliyopita, mliwahi kuhofia chakula kitaisha kabla ya kupata pesa ya kununua kingine? Na je, mlichonunua kiliwahi kuisha mkawa hamna pesa ya kuongeza? Asipouliza, mzazi anaweza kuanza mwenyewe.